Henry Royce: Fundi Aliyefunzwa na Vyuma Vilivyovunjika

Henry Royce alizaliwa tarehe 27 Machi, 1863, katika kijiji cha Alwalton, Uingereza. Baba yake, msaga nafaka aliyefilisika, alifariki Royce akiwa na umri wa miaka tisa, naye akalazimika kuuza magazeti na kupeleka simu za maandishi ili apate riziki. Jamaa yake alimlipia uanagenzi katika karakana ya reli mjini Peterborough, lakini fedha zilipokwisha, mafunzo nayo yakakatika.

Mwaka 1884 alianzisha karakana ya vifaa vya umeme mjini Manchester. Baadaye alinunua gari la Kifaransa ambalo halikumridhisha. Alilichunguza kwa makini, na mwaka 1904 akaunda lake mwenyewe. Mwaka uo huo alikutana na Charles Rolls, mfanyabiashara wa magari, na jina la Rolls-Royce likazaliwa.

Kampuni yao iliuza chesisi, yaani fremu pamoja na injini, gia, springi na magurudumu. Bodi ya kifahari iliundwa na mafundi wengine kwa matakwa ya mnunuzi. Kwa hiyo, sifa ya Royce ilitegemea yale yasiyoonekana. Mwaka 1907 gari lililoitwa Silver Ghost lilifanyiwa jaribio la takribani kilomita 23,000 mfululizo bila kusimamishwa na hitilafu.

Hata hivyo, mwaka 1912, katika mashindano ya milima ya Alps, gari la Rolls-Royce lililoendeshwa na James Radley lilishindwa kuupanda mlima Katschberg. Msafiri wa Nakuru aliyeona malori yaliyokwama kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, juu ya Mai Mahiu, anaielewa fedheha hiyo. Gia tatu hazikutosha. Kiwanda hakikuulaumu mlima, bali kiliongeza gia ya nne, na mwaka 1913 magari yake yakatia fora katika mashindano yayo hayo. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, chesisi hiyo ilibebeshwa deraya, ikatumika hata katika mapigano ya Afrika Mashariki.

Wakati huo Royce mwenyewe alikuwa mgonjwa. Alizoea kufanya kazi usiku na mchana bila kula, na mwaka 1911 afya yake ikadhoofika sana. Tangu hapo aliishi mbali na kiwanda cha Derby, akitumiwa michoro na ripoti. Chini ya Ernest Hives, magari ya majaribio yaliendeshwa maelfu ya kilomita katika barabara za Ufaransa ili kilicho dhaifu kivunjike kabla hakijamfikia mnunuzi. Kila kilichovunjika, Royce alikichora upya.

Alifariki tarehe 22 Aprili, 1933, huko West Wittering. Aliyekuwa hodari wa kutambua uchovu wa chuma hakuujali uchovu wa mwili wake. Alituachia funzo la kwanza kwa kazi yake, na la pili kwa maisha yake.