Leo Fender: Fundi wa redio aliyeunda gitaa bila kujua kulipiga

Ukimwona kijana amebeba gitaa la umeme begani akienda mazoezini, awe wa bendi ya kanisa au ya klabu, kuna uwezekano mkubwa kwamba umbo la gitaa hilo lilibuniwa na mtu ambaye hakujua kulipiga. Jina lake ni Leo Fender. Wengi wetu tunadhani Fender ni chapa tu, kumbe alikuwa mzee wa watu, mwenye miwani na kalamu mfukoni.

Na kama umewahi kulifungua gitaa lako ili ulibadilishie pikapu, ukakuta ile mpya uliyoinunua kwa pesa za kujinyima haiingii kwenye shimo la zamani, basi mzee huyo tayari mmekutana. Vipimo vya shimo hilo vilitoka kwake.

Hapa simaanishi pikapu ya kubebea viazi kutoka Nyandarua. Pikapu ya gitaa ni kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi: sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa ndani ya waya. Umeme huo ukifika kwenye amplifaya, ndiyo sauti unayoisikia. Bila pikapu, gitaa la umeme ni ubao wenye nyuzi.

Kisanduku cha mjomba

Clarence Leonidas Fender alizaliwa Agosti 10, 1909, katika familia ya wakulima wa machungwa kati ya miji ya Anaheim na Fullerton, jimbo la California, Marekani. Akiwa na umri wa miaka minane alipatwa na uvimbe kwenye jicho la kushoto. Jicho likaondolewa, akawekewa la bandia.

Alipokuwa tineja, mjomba wake aliyekuwa na karakana ya umeme wa magari alimtumia kisanduku cha vipuri vya redio vilivyotupwa, pamoja na betri ya gari. Mwingine angeona takataka. Leo aliona redio ambayo bado haijaunganishwa. Tangu hapo hakuacha kufungua vitu na kuvifunga tena, na muda si muda akawa anawatengenezea watu redio nyumbani kwao.

Lakini hakusomea umeme. Chuoni alisomea uhasibu, kisha akaajiriwa na kampuni ya kuuza barafu, kwanza akisambaza mizigo na baadaye akishika vitabu vya hesabu. Baadaye akapata kazi ya uhasibu katika idara ya barabara ya jimbo. Huo ulikuwa wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi, na haukuchukua muda Leo akamwaga unga. Akapata kazi nyingine katika kampuni ya matairi. Miezi sita tu, akamwaga unga tena.

Fikiria hali hiyo. Una mke (alimwoa Esther mwaka wa 1934), una cheti, na umefutwa mara mbili bila kosa. Mwaka wa 1938 Leo alikopa dola 600, akarudi Fullerton na kufungua duka dogo la kutengeneza redio, Fender Radio Service.

Wateja waliokuja na malalamiko

Duka hilo ndilo lililokuwa shule yake. Wanamuziki wa eneo hilo walikuja na amplifaya zilizokufa na magitaa yanayovuma. Wakati huo gitaa la umeme lilikuwa mara nyingi gitaa la kawaida, lenye tumbo wazi, lililobandikwa pikapu. Ukiongeza sauti ili usikike juu ya ngoma na tarumbeta, tumbo lile lilianza kulia lenyewe. Mpigaji alibaki na mambo mawili: anyamaze, au apige makelele.

Leo alishirikiana na mwanamuziki na mvumbuzi Doc Kauffman. Jicho lake la bandia lilimwepusha na jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hivyo kazi ya karakana iliendelea. Mwaka wa 1943 wawili hao waliunda gitaa la ubao mzito usio na tumbo, kusudi lake likiwa moja tu: kujaribu pikapu waliyoibuni. Lilikuwa chombo cha majaribio, wala halikupendeza macho. Lakini wanamuziki walipolisikia, wakaanza kulikodi. Watu walipanga foleni kungoja kitu ambacho hakikukusudiwa hata kuuzwa.

Wawili hao walianzisha kampuni ya K&F mwaka wa 1945, ikitengeneza amplifaya na magitaa ya Kihawaii yanayolazwa mapajani. Mwaka uliofuata Kauffman alihofia madeni akajitoa. Leo akabaki, akaipa kampuni jina lake.

Gitaa la kufunguliwa kwa bisibisi

Mwaka wa 1950 alitoa gitaa la ubao mzima lililoitwa Broadcaster. Kampuni ya Gretsch ilikuwa tayari na ngoma zenye jina linalofanana na hilo, ikalalamika. Leo hakugombana. Wafanyakazi wake walikata neno Broadcaster kwenye vibandiko, na kwa muda magitaa yakatoka bila jina. Mwaka wa 1951 likaitwa Telecaster, na linaitwa hivyo hadi leo.

Angalia jinsi lilivyoundwa, utamwona fundi wa redio. Mafundi wengi wa wakati huo waligundisha shingo ya gitaa kwa gundi. Ya Leo ilishikwa na skrubu nne. Ikipinda, unaifungua na kuweka nyingine. Waya na swichi zote zinafikika bila kupasua chochote. Mtu aliyekaa miaka mingi akitafuta kipuri kilichoungua ndani ya redio anajua kwamba kila kitu kitaharibika siku moja, na atakayekitengeneza asiteswe.

Mwaka huo huo wa 1951 alitoa Precision Bass, besi ya umeme ya kwanza kuundwa kwa wingi na kupata soko. Wapigaji besi waliokuwa wakibeba lile zeze kubwa la kusimama nalo, lisiloingia kwenye gari, wakapata kitu cha kuvaa begani. Besi ya umeme unayoisikia kwenye benga, ile inayokimbizana na gitaa hadi miguu inakosa adabu, ina asili yake hapo.

Wapigaji wakaja tena na malalamiko. Kona za Telecaster ziliwachoma mbavu. Walitaka sauti zaidi. Leo aliwasikiliza, akina Bill Carson, akiwapa magitaa ya majaribio waende nayo jukwaani na kurudi kumwambia ukweli. Mwaka wa 1954 ikatoka Stratocaster: kona zimechongwa kufuata mwili, pikapu tatu badala ya mbili, na karibu mitambo yote ya umeme imening'inizwa chini ya bamba moja la plastiki. Ng'oa skrubu, inua bamba, kila kitu kiko mkononi. Hilo ndilo gitaa ambalo baadaye Jimi Hendrix alilipiga akiwa amelipindua.

Shimo la milimita chache

Sasa turudi kwa pikapu yako isiyoingia. Pikapu ya Stratocaster ina koili moja, upana wake ni kama milimita 18 hivi. Leo alichimba shimo la kuitosha hiyo, basi. Shida ya koili moja ni mvumo: inanasa kelele za taa na nyaya za umeme zilizo karibu. Mwaka wa 1955 Seth Lover wa kampuni ya Gibson alibuni pikapu ya koili mbili zinazofutiana mvumo huo. Sauti yake ni nene na yenye nguvu, lakini upana wake ni karibu mara mbili.

Mwaka wa 1972 Larry DiMarzio alianza kuuza pikapu za kubadilisha, na vijana duniani kote wakaanza kufungua magitaa yao. Wengi walikwama pale pale: kitu kinene, shimo jembamba. Kama uko hapo, usikimbilie patasi.

Kwanza, legeza nyuzi, inua bamba na upime shimo: urefu, upana na kina. Pima pikapu nayo, pamoja na waya unaotokea chini yake, kwa sababu waya wa nyuzi nne ndogo ni mnene na huila nafasi. Kwenye Telecaster kuwa mwangalifu zaidi, kwani pikapu ya upande wa shingo ni nyembamba kuliko zote.

Pili, jua kuna pikapu za koili mbili zilizobanwa ndani ya umbo la koili moja. Hizo hupita kwenye tundu la bamba bila kukata kitu. Ikiwa inagusa pembeni kidogo tu, mara nyingi kinachozuia ni kona za kitako chake, na hizo husuguliwa kwa tupa, mradi usifike kwenye waya wa koili. Ukiukata waya huo, pikapu imekufa.

Tatu, ikigota chini, angalia skrubu za kuishikia kabla ya kulaumu mbao. Zikiwa ndefu hugonga sakafu ya shimo na kuisukuma pikapu juu hadi kwenye nyuzi. Kata skrubu. Kuchimba kina ni hatari kwenye Stratocaster, kwa sababu mgongoni mwa gitaa kuna shimo jingine la springi. Mbao iliyobaki katikati si nene, na ukizembea utatokea upande wa pili.

Nne, piga picha ya nyaya kabla ya kuchomoa chochote. Ukishaziunganisha, hakikisha ncha ya waya wa sauti haigusi karatasi ya chuma iliyobandikwa shimoni kuzuia mvumo. Ikigusa, gitaa linanyamaza kimya, nawe utaanza kumtukana muuzaji bure. Na kama sauti mpya ni nzito kama imefunikwa blanketi, huenda kirekebishi cha sauti ndicho cha kubadilisha: koili moja kwa kawaida hutumia cha 250k, koili mbili cha 500k.

Pikapu ya zamani usiitupe. Itakusaidia siku ukitaka kuuza gitaa, au siku ukigundua kwamba ile sauti nyembamba ndiyo uliyoipenda.

Kuuza, kisha kuanza upya

Mafanikio hayakumpa Leo afya. Kwa miaka mingi alisumbuliwa na maambukizi kwenye uwazi wa pua na mifupa ya uso, hadi akaamini hana muda mrefu wa kuishi. Mwaka wa 1965 aliiuza kampuni yake kwa shirika la CBS kwa dola milioni 13. Hizo ni pesa nyingi kuliko alizotoa CBS mwaka mmoja awali kununua sehemu kubwa ya timu ya besiboli ya New York Yankees.

Miaka michache baadaye akapata daktari mwingine, na akapona. Hebu jiweke kwenye viatu vyake: umeuza kazi ya maisha yako ukijiandaa kufa, halafu hufi. Jina lako limeandikwa kwenye kila gitaa linalotoka kiwandani, lakini kiwanda si chako, na mkataba unakuzuia kushindana nacho kwa miaka kumi. Wapigaji wakawa wanalalamika kwamba ubora unashuka, na wengi wakaanza kutafuta magitaa ya kabla ya 1965.

Kizuizi kilipoisha, mwaka wa 1975, Leo akawa rais wa kampuni ya Music Man, ambako alihusika kuunda besi ya StingRay. Kuelekea 1980, akiwa na miaka 70, alianzisha G&L pamoja na rafiki yake wa zamani George Fullerton. Mwaka wa 1979 alikuwa amempoteza Esther, akaoa tena mwaka uliofuata. Na kazi aliyoiendea tena katika kampuni hiyo ya mwisho ilikuwa ile ile ya 1943: pikapu. Aliunda ya aina mpya, yenye skrubu za kurekebisha sauti ya kila uzi peke yake. Pesa za CBS zingemtosha kupumzika maisha yake yote. Inaonekana hakuridhika na jibu lake la kwanza.

Ugonjwa wa Parkinson ulianza kuitetemesha mikono hiyo iliyozoea nyaya nyembamba, naye akaendelea kuja kazini. Alifariki Machi 21, 1991, akiwa na umri wa miaka 81. Siku moja kabla ya hapo alikuwa karakanani.