Bi. Wilson, Mwenye Jina la Uwanja

Kila nipandapo ndege Nairobi kurudi Lamu, huondokea uwanja mdogo wa Wilson. Miaka mingi nilidhani Wilson alikuwa bwana mkubwa fulani, gavana au jemadari. Kumbe sivyo, ndugu msomaji. Alikuwa mwanamke, tena mjane.

Jina lake kamili ni Florence Kerr Wilson, mlowezi wa Kiingereza. Alipofiwa na mumewe hakufunga virago arudi kwao. Alitoa fedha zake, akashirikiana na rubani hodari Tom Campbell Black, na mwezi wa Julai 1929 ikazaliwa Wilson Airways, kampuni ya ndege za kukodi. Walianza na eropleni moja tu, Gipsy Moth, ya mbao na kitambaa, rubani na abiria wake vichwa nje wakipigwa na upepo. Kutia mali ya ujane katika chombo kama hicho si mchezo!

Waliozikodi ni maofisa, walowezi na wawindaji. Wazee wetu walizitazama kutoka chini, maana enzi zile hazikuwa zao. Hata hivyo kampuni ilifika pwani: Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam, ikileta abiria na barua. Mwaka 1931 Campbell Black alimtafuta rubani wa Kijerumani, Ernst Udet, aliyekwama kwenye vinamasi vya Nile, akamwona na kumwokoa.

Mwaka uliofuata Campbell Black aliondoka. Mwaka 1934 alishinda, pamoja na mwenzake, mashindano ya kuruka kutoka Uingereza hadi Australia, na 1936 akafa Liverpool, ndege yake ilipogongwa ikiwa bado ardhini. Bi. Wilson aliendelea bila yeye, na ndege zikaongezeka.

Ikaja vita, Septemba 1939. Serikali ikazichukua ndege na marubani kwa jeshi, na kazi ya miaka kumi ikakatika. Vita vilipokwisha, kampuni yake haikurudi. Mwaka 1946 East African Airways ndiyo iliyoanza kuruka. Uwanja ulipewa jina lake 1962.

Safari iliyopita nilimwuliza kijana wa mizigo Wilson ni nani. Akasema ni mzungu mmoja mwanamume wa zamani. Nikamweleza. Alicheka, akidhani namtania, kisha akaendelea kupima kikapu changu.