Rudolf Diesel: Mhandisi ambaye injini yake ilinguruma kwa mafuta ya karanga

JINA lake hutajwa kila siku katika vituo vya mafuta vya Mbagala, Tandika na Mwenge, ingawa wengi wanaolitaja hawajui kuwa ni jina la mtu. Kondakta wa Coaster anayeagiza dizeli ya shilingi elfu hamsini, na mama wa Chamazi anayepeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga, wote wanamtaja au wanamtegemea Mjerumani aliyefariki mwaka 1913, tena akiwa na madeni.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, Machi 18, 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani kutoka Bavaria, na baba alikuwa fundi wa ngozi ambaye kipato chake hakikuwa cha kutegemewa. Mwaka 1870 vita ilipozuka kati ya Ufaransa na Ujerumani, familia hiyo ililazimika kuondoka Paris na kukimbilia London. Maisha ya huko yalikuwa magumu, na kijana Rudolf, akiwa na umri wa miaka 12, akapelekwa peke yake kwa ndugu zake mjini Augsburg, Ujerumani, ili aendelee na shule.

Huko ndiko alikoonyesha kipaji. Alisoma uhandisi Munich na kumaliza mwaka 1880 akiwa na alama za juu sana, baada ya kucheleweshwa na homa ya matumbo. Mwalimu wake, Carl von Linde, aliyekuwa bingwa wa mitambo ya kugandisha barafu, alimwajiri katika kiwanda cha barafu mjini Paris. Kwa hiyo mtu huyu aliyekuja kujulikana kwa moto alianzia kwenye baridi.

Kilichomkera ni hasara. Injini za mvuke za wakati ule zilimeza makaa ya mawe kwa wingi, lakini sehemu kubwa ya joto ilipotea hewani na asilimia takriban 10 tu, mara nyingi chini ya hapo, ndiyo iliyogeuka kuwa kazi. Wenye viwanda vikubwa waliimudu hasara hiyo. Fundi mdogo hakuimudu. Diesel alitaka injini ambayo seremala, mfumaji au mkulima angeweza kuwa nayo bila kujenga jiko na dohani.

Wazo lake lilikuwa hili: hewa ikigandamizwa kwa nguvu ndani ya silinda hupata joto kali, na mafuta yakipulizwa humo huwaka yenyewe bila plagi. Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli na kuigusa pampu analijua joto hilo. Aliomba hataza mwaka 1892 na kuipata mwaka uliofuata. Majaribio ya Agosti 1893 katika kiwanda cha Augsburg nusura yamuue, kwani kifaa cha kupimia shinikizo kililipuka. Ilichukua zaidi ya miaka mitatu mingine hadi Februari 1897, ilipopimwa injini ya nguvu ya farasi takriban 20 iliyotumia vizuri asilimia 26 ya nguvu iliyomo katika mafuta. Hapo wenye viwanda walipanga foleni kununua haki za kuitengeneza, na Diesel akawa milionea.

Kinachowahusu zaidi wakulima kilitokea mwaka 1900 katika Maonyesho ya Dunia ya Paris. Kampuni ya Otto ya Ufaransa ilileta injini ndogo ya aina ya Diesel, na kwa ombi la Serikali ya Ufaransa ikaendeshwa kwa mafuta ya karanga. Ilifanya kazi vizuri kiasi kwamba wageni wachache tu walitambua kuwa haikuwa ikitumia mafuta ya ardhini, na haikufanyiwa marekebisho yoyote. Ombi hilo lilikuwa na sababu ya kiuchumi: Ufaransa ilikuwa na karanga nyingi katika makoloni yake ya Afrika, na ilitaka kujua kama mitambo ya huko ingeweza kujitegemea kwa nishati bila kuagiza makaa au mafuta kutoka mbali. Kwa maneno mengine, Afrika ilikuwemo katika hesabu tangu mwanzo, ingawa Mwafrika mwenyewe hakuulizwa.

Diesel mwenyewe alirudia majaribio ya mafuta ya mimea baadaye, na mwaka 1912 alizungumzia hadharani uwezekano kwamba siku moja mafuta hayo yangekuwa na uzito sawa na ya ardhini. Soko liliamua vinginevyo. Mafuta ya ardhini yalikuwa mengi na ya bei nafuu, na injini zikaundwa kwa ajili yake.

Je, gari la dizeli laweza kutumia mafuta ya kula leo? Laweza, kwa masharti. Mafuta ya mimea ni mazito kuliko dizeli, hivyo huziba chujio na kuacha masizi kwenye nozeli. Wanaoyatumia bila kuyachakata huweka tangi mbili: gari huwashwa kwa dizeli, mafuta ya mimea yakishapashwa hadi nyuzi joto 70 au zaidi ndipo hubadilishiwa, na kabla ya kuzimwa hurudishwa kwenye dizeli. Injini za zamani za Hilux na Land Cruiser huvumilia; za kisasa zenye mfumo wa shinikizo kubwa hazivumilii. Njia nyingine ni kuyachanganya na methanoli na kostiki, ile ile ya watengeneza sabuni, ili kupata dizeli-mimea na gliserini. Mafuta ya nazi nayo, kama kila mama wa Temeke ajuavyo, huganda chupani asubuhi za Julai. Yataganda vilevile kwenye bomba la gari.

Tatizo kubwa, hata hivyo, haliko gereji. Liko shambani. Tuchukue mkulima mdogo wa alizeti wa Singida anayevuna tani moja kwa hekta. Akikamua atapata takriban lita 300, na mashudu ya kuuza kwa wafugaji. Coaster inayotumia lita 40 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, inahitaji lita 12,000. Hizo ni hekta 40, yaani karibu ekari 100, kwa basi moja tu la Mbagala. Na hii ni nchi ambayo kwa miaka mingi imeagiza nje zaidi ya nusu ya mafuta yake ya kula, ambapo lita ya mafuta ya kupikia kwa kawaida ni ghali kuliko lita ya dizeli. Hata mafuta yaliyotumika ya wakaanga chips wa Kinondoni si mengi kama inavyodhaniwa, kwani hukaangiwa mpaka yanakuwa meusi.

Mbono, maarufu kama jatrofa, ulidaiwa kuwa jibu kwa sababu hauliwi. Kampuni ya Sun Biofuels ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 wilayani Kisarawe, nyuma tu ya Pugu, lakini mwaka 2011 shughuli zilikwama, wafanyakazi wengi wakapoteza ajira na wanavijiji wakabaki wakilalamikia fidia na ardhi. Bioshape ya Uholanzi iliyokuwa Kilwa ilifilisika mwaka 2010. Kabla yao Waingereza walikuwa wameshindwa na karanga za Kongwa, mradi ulioachwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni.

Diesel naye alikuwa hodari wa hesabu za joto na dhaifu wa hesabu za fedha. Mwaka 1903 alichapisha kitabu kiitwacho Solidarismus, akipendekeza wafanyakazi wachangie fedha na kumiliki viwanda vyao wenyewe. Msomaji wa Tanzania angesikia humo harufu ya ujamaa, lakini kitabu hakikuuzika. Utajiri wake uliyeyuka katika visima vya mafuta na ununuzi wa ardhi ulioharibika, huku kesi za hataza na maradhi ya kichwa vikimwandama. Bado aliishi katika jumba la kifahari mjini Munich, na majirani hawakujua.

Septemba 29, 1913, alipanda meli ya Dresden kutoka Antwerp kwenda Uingereza. Alikula chakula cha usiku na wenzake, akaomba aamshwe saa 12 na robo asubuhi, akaingia chumbani. Asubuhi kitanda kilikutwa hakijalaliwa, na kofia na koti lake vilikuwa karibu na ukingo wa meli. Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliuona mwili baharini, wakachukua vitu vya mfukoni na kuuachia mawimbi. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake. Wengi wanaamini alijiua. Wengine wamedai aliuawa, bila ushahidi wa kutosha.

Alikuwa na umri wa miaka 55. Gari dogo la abiria lenye injini yake, Mercedes-Benz 260 D, lilianza kuuzwa mwaka 1936.