Faraday na Chumba Chake

Michael Faraday alizaliwa Uingereza mwaka 1791, mwana wa mhunzi. Shuleni alisoma kidogo tu. Alipokuwa na miaka 14 alitiwa kazini kwa mjalidi, akawa akisoma vitabu alivyovijalidi. Mwaka 1836 alijenga chumba cha futi 12 kila upande, akakizungushia nyaya na karatasi nyembamba za bati, kisha akaingia ndani na vipimo vyake. Umeme ukatiwa kwa nguvu hata cheche zikaruka nje, wala ndani vipimo havikutikisika. (Mimi ningeogopa!)

Alikufa mwaka 1867, redio haijabuniwa bado. Leo fundi ajiundiaye chombo cha umeme cha gari hukifungia katika sanduku la chuma, cheche za plagi zisikivuruge. Lakini aangalie waya uingiao sandukuni: kelele hupita humo pia.