George Beadle: mtoto wa mkulima aliyegundua siri ndani ya ukungu wa mkate

George Beadle alizaliwa mwaka 1903 karibu na mji mdogo wa Wahoo, jimbo la Nebraska, Marekani. Wazazi wake walilima shamba la ekari 40, na ilitarajiwa naye angebaki shambani. Mwalimu wake wa sekondari ndiye aliyemshawishi aende chuo cha kilimo. Huko akavutiwa na urithi wa mimea, na mwaka 1931 alipata shahada ya udaktari kwa utafiti wa mahindi.

Mwaka 1941, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, yeye na mwenzake Edward Tatum walipiga ukungu wa mkate mionzi ya eksirei. Ukungu huo hutosheka na sukari, chumvichumvi na vitamini moja, mengine hujitengenezea. Lakini ukungu uliotoka kwenye mbegu namba 299 ulikataa kukua mpaka ulipoongezewa vitamini B6. Jeni moja ilikuwa imeharibika, na uwezo mmoja ukapotea. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1958, pamoja na Joshua Lederberg.

Ugunduzi huo una faida hadi leo. Dawa kama insulini hutengenezwa na bakteria au hamira waliopandikizwa jeni. Si wote wanaoipokea, hivyo lazima wachujwe. Njia iliyozoeleka ni kuwapandikizia pia jeni ya usugu, kisha kuwawekea antibiotiki: wasioipokea hufa. Hofu ni kwamba jeni hiyo inaweza kuhamia kwa bakteria wa magonjwa, na dawa tunazozitegemea zikashindwa kutibu.

Njia nyingine inafuata nyayo za Beadle. Mtaalamu huchagua bakteria wasioweza kujitengenezea kirutubisho fulani. Huwapandikizia jeni inayotakiwa pamoja na ile waliyoikosa, kisha huwakuza kwenye chakula kisicho na kirutubisho hicho. Waliopokea hustawi, wasiopokea hushindwa kukua kwa njaa. Antibiotiki haihitajiki.

Beadle aliongoza Chuo Kikuu cha Chicago kuanzia 1961 hadi 1968. Alipostaafu alirudi kwenye mahindi, akitetea hoja kwamba yalitokana na nyasi pori ya Mexico iitwayo teosinte. Uchunguzi wa vinasaba umempa haki. Alifariki mwaka 1989.