Karl Peters: Tapeli msomi aliyeingia Usagara kwa jina bandia

Kila aliyepita darasani Tanzania analijua jina la Chifu Mangungo wa Msovero. Wengi tunamkumbuka kwa kejeli: mzee aliyeingizwa mkenge na Mzungu, akatoa nchi kwa karatasi.

Aliyemwingiza mkenge hatumzungumzii sana. Anaitwa Karl Peters, na maisha yake yanasomeka kama faili la genge: majina ya bandia, wakubwa wanaomkana mtu wao, na mzigo unaokuja kuhalalishwa baadaye.

Daktari wa historia anayetafuta jina

Peters alizaliwa mwaka 1856 huko Neuhaus, kando ya mto Elbe, Ujerumani. Baba yake alikuwa mchungaji. Alisoma historia mpaka akapata udaktari, kisha akaenda London kukaa na mjomba wake.

Huko aliona jinsi Waingereza walivyonenepa kwa makoloni. Akarudi nyumbani na wivu. Mwaka 1884, akiwa na miaka 27, yeye na wenzake walianzisha Berlin jumuiya binafsi ya kutafuta koloni.

Kulikuwa na tatizo moja. Njia za biashara za bara hili zilihesabiwa kuwa chini ya Sultani Barghash wa Zanzibar, na nyuma ya Barghash walikuwepo Waingereza. Mpango ukivuja tu, umekufa.

Safari ya siri

Peters, Karl Jühlke na Joachim von Pfeil wakasafiri kwa majina ya bandia, daraja la chini la meli, wakijifanya mafundi. Walifika Unguja mwanzoni mwa Novemba 1884.

Hapo wakakuta ujumbe kupitia ubalozi wa Ujerumani: serikali haina habari nao, na wasitegemee ulinzi wowote. Ukipenda habari za ukachero, mtindo huu unaujua. Ukikamatwa, hatukufahamu. Ukifanikiwa, wewe ni wetu.

Wakavuka hadi Saadani na kupanda bara kufuata bonde la mto Wami. Tarehe 29 Novemba 1884 walikuwa Msovero.

Kama hupajui, ni huku huku Kilosa. Kutoka Mikumi unaelekea kaskazini, unapita Kilosa mjini, unashika njia ya Dumila. Leo jina huandikwa Msowero.

Mchezo ulivyochezwa

Namna alivyofanya kazi tunaijua kwa sababu Peters mwenyewe aliisimulia baadaye, tena kwa kujisifu. Anamkalisha chifu karibu yake kama rafiki wa siku nyingi. Kinywaji kinatoka, zawadi zinafuata, mara nyingine wanachanjiana undugu wa damu.

Kisha inasomwa karatasi ya Kijerumani, bendera inapandishwa, na bunduki zinapigwa hewani ili kila mtu aone nini kitampata atakayeuvunja mkataba.

Karatasi ya Msovero iliitwa mkataba wa urafiki wa milele. Ndani yake Mangungo alitoa eneo lake lote, milele, litumiwe na jumuiya ya Peters. Hakuweza kuisoma. Aliweka alama tu.

Sasa jiulize yeye alielewa nini. Mgeni mwenye bunduki amekuja na zawadi, anataka urafiki. Usagara ilikuwa njia ya misafara ya pembe na watumwa, na rafiki mwenye silaha huenda alionekana faida. Urafiki ndio aliokubali. Uuzaji wa ardhi ulikuwa kwenye lugha asiyoijua.

Kabla ya Krismasi Peters alikuwa amesharudi pwani na mikataba ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mkononi. Kwa karatasi hizo jumuiya yake ilidai takriban kilomita za mraba 140,000.

Serikali yapokea mzigo

Februari 26, 1885 Mkutano wa Berlin ulimalizika. Kesho yake Kaisari Wilhelm wa Kwanza, kwa ushauri wa Kansela Bismarck, akatia saini hati ya kuyalinda maeneo hayo. Serikali iliyosema haimjui Peters sasa ilikuwa mlinzi wake.

Barghash alipinga. Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake. Akanywea.

Mkono wa Damu

Mwaka 1891 Peters alipelekwa Kilimanjaro kama kamishna wa serikali. Huko akaamuru kunyongwa kwa mtumishi wake, Mabruk, na baadaye msichana aitwaye Jagodia, aliyekuwa akiishi naye kama suria. Waafrika walimpa jina lililomkaa: Mkono wa Damu.

Habari zilifika Berlin. Mwaka 1896 mbunge August Bebel alimwanika bungeni, na mwaka uliofuata Peters akafukuzwa kazi na kunyimwa pensheni. Kumbuka hili: alifukuzwa kwa mauaji ya Kilimanjaro. Mikataba ya Usagara haikuguswa, kwa sababu faida yake ilikuwa bado inaliwa.

Hata adhabu hiyo haikudumu. Kaisari Wilhelm wa Pili alimrudishia cheo na baadaye pensheni. Peters alikufa Septemba 10, 1918. Kilosa ilikuwa imeshatekwa na Waingereza tangu 1916, na miezi miwili baadaye Ujerumani ikashindwa vita na kupoteza koloni lote. Miaka ya 1930 Hitler alimsafisha kabisa, na mwaka 1941 akatengenezewa filamu kama shujaa.

Nani wa kuchekwa?

Mangungo hakupata filamu. Alipata kicheko, na kicheko hicho tumekirithi darasani.

Lakini ukiitazama kama kesi, orodha ya wahusika ni ndefu: aliyekuja kwa jina la bandia, waliomtuma huku wakimkana, na dola iliyoweka mhuri juu ya karatasi ikijua zilivyopatikana. Mangungo ndiye pekee humo aliyetapeliwa.

Kilosa bado ni wilaya ya migogoro ya ardhi, wakulima na wafugaji wakivutana, na karatasi bado zina nguvu kuliko maneno. Safari nyingine ukisikia mtu anaitwa Mangungo kwa sababu amesaini asichokielewa, uliza kwanza swali ambalo Msovero halikuulizwa: karatasi hiyo iliandikwa na nani, na kwa lugha gani?