J. C. Daniel, baba wa sinema ya Kerala aliyefariki maskini

J. C. DANIEL aliuza ardhi yake ili atengeneze filamu ya kwanza ya Kerala, jimbo la kusini mwa India linalozungumza Kimalayalam. Filamu hiyo isiyo na sauti, Vigathakumaran, ilitoka karibu na mwaka 1930. Aliiongoza, akaipiga picha na kuigiza mwenyewe.

Wakati huo filamu nyingi za India zilisimulia visa vya miungu. Yeye alichagua maisha ya watu wa kawaida.

Kilichomponza ni kumpa P. K. Rosy, mwanamke Mdalit, nafasi ya bibi wa tabaka la juu la Wanair. Filamu ilipoonyeshwa mjini Trivandrum, watazamaji wa tabaka la juu walighadhibika na kurusha mawe kwenye skrini. Rosy alikimbilia upande wa Watamil, asionekane tena katika filamu.

Daniel alifilisika, akaishi kwa kutibu meno hadi alipofariki mwaka 1975, akiwa fukara na karibu amesahauliwa. Mwaka 1992, miaka 17 baadaye, Serikali ya Kerala ilianzisha tuzo yake kuu ya sinema kwa jina lake. Filamu yenyewe haikusalia.